Mizani ya Tisa

Tii.

Kengele moja ndogo, nyembamba. Baada yake sauti ya mwanamume ikapanda, "…mama wa papaya!" na ngoma zikaporomoka juu yake.

Nilikuwa chini ya meza ya kibanda changu, natafuta skrubu ya simu iliyonidondoka, kwa hiyo sikuona kitu ila vumbi na visigino vya wapita njia. Mkono ulisimama. Zile ngoma sikuzijua. Ile sauti sikuijua. Kengele niliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha nyumbani kwao.

Nikainuka kwa pupa, kisogo kikagonga meza. Mbele ya kibanda Sam alikuwa ameegemea baiskeli yake, ile anayobebea abiria na magunia kuvuka mpaka wa Busia, kutoka huku Uganda hadi Kenya. Kwenye usukani alikuwa amening'iniza spika ya duara, kubwa kama boga.

"Ochwo! Wewe nafanya nini huko chini? Nasali?"

"Huo wimbo ni wa nani?"

"Hii nyimbo? Iko ya Maloba, kijana ya ng'ambo. Wewe bado kusikia? Busia yote nacheza hii tu. Hata mama ya mandazi nakata kiuno."

"Irudishe mwanzo."

"Eh! Mshairi nakasirika." Lakini akairudisha, nami nikasimama na bisibisi mkononi, nikasikiliza shairi langu likitoka kinywani mwa mtu nisiyemjua:

Nimevuka mpakani, sikuvuka kwa ubaya,
Mzigo u mgongoni, na moyo haujapwaya,
Wakiniita mgeni, nitasema bila haya,
Niulizeni ni nani, mimi wa mama wa—

Tii.

—papaya!

Neno kwa neno, ila neno la mwisho.

"Sam. Mama wa nini?"

"Wa papaya. Papai, si unajua? Ile tunda. Mama nauza papai, kijana nampenda sana, ndiyo nakuja kuvuka mpaka. Nyimbo ya mapenzi, bwana."

"Huyo ni mama yangu," nikamwambia. "Mama yangu mzazi. Na hajawahi kuuza papai maisha yake yote."

Sam akazima spika. Alinitazama, akaitazama baiskeli yake, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amekumbuka.

Hapa lazima nieleze habari ya ile simu.

Kuna miaka simu zilikuwa za aina mbili: za kupigia, na za muziki. Za kupigia zilikuwa za wazee. Sisi vijana tulitaka za muziki, na zilipita hapa hapa Busia kwa mabegi, kwa magunia, nyingine ndani ya mikate. Iliyotawala ilikuwa ndogo, nyeusi, haina jina la kueleweka, nyuma ina spika mbili zenye taa nyekundu zinazopepesa kwa kufuata ngoma. Tuliiita Mdomo Mbili, kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Ubavuni ilikuwa na kitufe chenye alama ya muziki. Ukikibonyeza, wimbo unaanza hata kama simu haina laini ndani. Vijana wengi wa Molo, ile ya kwetu Tororo, walikuwa nayo bila laini. Simu isiyopiga simu, na hakuna aliyewacheka. Watu walipalilia mtama na Mdomo Mbili ikiwa ndani ya sufuria tupu kando ya shamba, ili sauti inenepe. Ungeweza kujua nani anakuja njiani kabla hujamwona, kwa wimbo wake.

Mimi nilikuwa mjaza nyimbo. Nilikuwa na kompyuta moja inayokoroma na kisahani cha kadi za kumbukumbu. Mtu alikuja, akaniimbia wimbo anaoutaka, kwa kawaida akiuimba vibaya, nami nikaujua, nikamjazia. Asiyetaka kulipa alingoja mwenzake ajaziwe, kisha wakaketi kwenye benchi langu, simu mbili zimelazwa bega kwa bega, wanasubiri blutuu ivushe wimbo kutoka hii kwenda ile. "Usitikise!" Hivyo ndivyo watu walivyofahamiana. Najua ndoa mbili zilizoanzia kwenye benchi lile, na ugomvi mmoja ambao mpaka leo familia hazisalimiani.

Mashairi sikufundishwa na mtu. Hapa kwetu Kiswahili ni cha kuuzia nyanya na kumwomba askari msamaha. Kila mtu anakivunja apendavyo na mambo yanakwenda. Mimi nilikitaka kwa kazi nyingine. Nilikiokota redioni na kwenye magazeti makuukuu waliyofungia sabuni. Nilikuwa nahesabu silabi kwa vidole, nane na nane, kabla sijajua kwamba zinaitwa mizani. Waliocheka walicheka. Niliendelea kuhesabu.

Siku niliyorekodi lile shairi mvua ilikuwa imefukuza watu barabarani. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nimeketi humu humu kibandani, Mdomo Mbili karibu na midomo. Nikafika kwenye neno la mwisho, jina la kwetu, kule Tororo, ambako mama yangu Akumu analima. "Mimi wa mama wa Pa—" na simu ikalia: tii. Ujumbe. Mtandao wa Kenya ulikuwa unanikaribisha Kenya.

Kila mtu wa Busia anaujua upuuzi huu. Umeketi kitako Uganda, hujainua unyayo, na simu imeshakuvusha. Nilikasirika, nikalianza neno upya kwa sauti ya kugomba: "Paya!" Nilitaka kufuta na kurekodi tena, lakini Sam alikuwa amejibanza kibandani kwa ajili ya mvua, na nilipozima, wakati bado nautukana mtandao, yeye alikuwa ameshauvuta wimbo kwa blutuu.

"Iko tamu hivyo hivyo," alisema. Mvua ilipokatika akapanda baiskeli akaenda ng'ambo. Shairi langu likaenda naye mfukoni. Blutuu hubeba wimbo, haimbebi mwenye wimbo.

Baadaye zikaja simu za kupangusa kioo kwa kidole. Kitufe cha muziki kikawa picha ndogo katikati ya picha nyingine. Tundu la spika za masikioni likazibwa. Nyimbo zikahama mifukoni mwa watu zikaenda kukaa juu, sijui wapi, na sasa unanunua bando usikilize kitu ambacho zamani ulikuwa nacho kiganjani. Bando likiisha, wimbo unakukatikia mdomoni. Hakuna tena aliyehitaji kujaziwa. Kompyuta niliuza. Nikabaki na bisibisi, natengeneza vioo vilivyopasuka. Lakini Mdomo Mbili yangu sikuitoa. Ilikaa kwenye droo, imefungwa kwa kitambaa.

Sasa Sam alikuwa amesimama mbele yangu kama mtu aliyevunja chungu cha jirani.

"Ochwo, ni mimi nalivusha."

"Ni wewe."

"Lakini mimi hajasema papai! Mimi nasikia Paya, kwa sababu mimi najua Paya. Hao ng'ambo hawajui."

Kabla sijamjibu, simu yangu ililia. Alikuwa mama.

Mama hazungumzi nami Kiswahili. Tunazungumza Dhopadhola, lugha ya kwetu, na Dhopadhola ya mama ina meno. "Ochwo," akasema, bila salamu, "nilizaa mtoto au nilizaa mpapai?"

Nikaweka bisibisi mezani.

"Nimetoka sokoni. Jirani yetu Harriet ameniuliza mbele ya watu, 'Mama Papaya, leo umeiva?' Nikadhani amelewa. Kisha mtu akafungulia huo wimbo, nikasikia maneno yako. Yale uliyonisomea ukiwa bado hujaota ndevu. Ni wewe umewauzia?"

"Sikuuza, mama. Wameokota."

"Basi waambie wamekiokota kitu chenye mwenyewe. Mimi nimekaa Paya tangu niolewe, nimelima, nimezika, nimezaa. Sitazikwa nikiitwa tunda. Karudishe jina langu." Akakata.

Jumamosi ile Maloba alikuwa anaimba ng'ambo, mbele ya duka kubwa la simu. Sam ndiye aliyeniambia, na Sam ndiye aliyejitolea kunibeba bure, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kwanza nikaifufua Mdomo Mbili. Betri yake ilikuwa imevimba kama andazi. Nikaitoa, nikaweka ya simu nyingine, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli. Chaja yake yenye mdomo bapa haiuzwi tena popote, hivyo nikaichaji kwa nyaya mbili tupu, nazishikilia kwa vidole. Kioo kilikuwa kimekufa. Nikabonyeza kitufe cha ubavuni. Taa nyekundu zikapepesa.

Mpakani askari alinipekua. "Hii nayo bado inaishi?"

"Inaishi na ina kazi," nikamwambia.

Mbele ya duka watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Jukwaa lilikuwa la mbao zilizopangwa juu ya makreti, na chini yake kulikuwa na karai kubwa la bluu. Mwenye maiki, mwanamke aitwaye Quinter, mrefu, gauni la manjano, alikuwa anapiga kelele: "Leta simu kuukuu, tupa kwa karai, upunguziwe bei ya mpya! Usione aibu, mama, tupa!" Watu walikuwa wanatupa. Nikachungulia. Mdomo Mbili zilikuwa humo, nyingi, zimelala kifudifudi, spika zikitazama mbinguni.

Maloba akapanda. Kijana mwembamba, tabasamu zuri, kofia mpya. Wimbo ukaanza. Kengele ikalia, watu wote wakapiga kofi moja kwa pamoja, wakapaaza: "Papaya!" Walikuwa na furaha kubwa. Nakiri kwamba hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ubeti ulipoisha nikapanda jukwaani. Kijana mmoja wa duka alinishika shati, Sam akamwambia, "Wewe wacha, huyu iko mwenye nyimbo." Quinter alisikia, macho yakamng'aa. Mtu wa kazi yake haachi kitu kama hicho kipite.

"Ngoja, DJ, zima! Wasee, tuko na bifu hapa! Kaka, wewe ni nani?"

"Naitwa Ochwo. Natoka Paya."

"Paya ni wapi?"

"Hiyo ndiyo kesi yangu. Hamkuijua, mkaigeuza tunda."

Watu wakacheka. Maloba akachukua maiki yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao.

"Bro, hii ngoma nilitoa kwa simu ya binamu yangu nikiwa darasa la saba. Haikuwa na jina, na baada ya papaya ilikuwa imekatika. Kila msee alikuwa nayo. Ilikuwa ya watu wote. Saa hii imehiti ndio unatokea ati ni yako?" Akaugeukia umati. "Na mnasikia? Mganda anakuja kutufunza Kiswahili!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nikasubiri kiishe. Nilikuwa nimekisubiri kicheko hicho tangu utotoni. Nilijua urefu wake.

"Kwanza," nikasema, "mimi ni wa Uganda, lakini si Mganda kwa kabila. Mimi ni Japadhola wa Tororo. Waganda wako kwao, kule Kampala, nenda kawaulize kama wananijua. Pili, Kiswahili hakikuzaliwa kwenye duka hili. Wewe umekiazima, mimi nimekiazima, tuone nani anakitunza. Nyosheni vidole."

"Vidole vya nini?" Quinter akauliza.

"Tunahesabu. Kila silabi kidole kimoja. Ni-me-vu-ka-m-pa-ka-ni."

Walikuwa wanataka mchezo, wakahesabu. Nane. Nikaendelea na kipande cha pili. Nane. Nikaenda mstari kwa mstari, na kila mara nane, na kadiri tulivyoenda ndivyo kelele zilivyopungua, kwa maana watu walianza kuona kuna kitu. Tukafika mwisho.

"Mi-mi-wa-ma-ma-wa-pa-pa-ya."

Vidole tisa vilisimama hewani uwanja mzima. Mwendesha pikipiki mmoja aliyevaa helmeti akapaaza sauti: "Moja imezidi!"

"Imezidi," nikasema. "Mtu amejenga nyumba, kila tofali amelipima. Mnafikiri alipofika mlangoni akalewa? Ile ya tisa haikutungwa. Iliingia. Maloba, nakuuliza wewe. Hiyo kengele ni ya nini?"

"Ni vaibu tu, bro. Ilikuwa kwa ile ya zamani, prodyuza akaipenda, tukaicheza kwa kinanda."

"Vaibu." Nikaifungua Mdomo Mbili kutoka kwenye kitambaa. Mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Uuui, hiyo nilikuwa nayo!" Nikamwomba Quinter asogeze maiki nyuma ya simu, penye spika, nikabonyeza kitufe.

Mvua ikasikika kwanza, mvua ya zamani juu ya bati la kibanda changu. Kisha sauti ya mvulana, nyembamba, inayojitutumua. Ilikwaruza, lakini kila neno lilitoka. Nilijisikia aibu na fahari pamoja. Mvulana akafika mwisho: "Niulizeni ni nani, mimi wa mama wa Pa—"

Tii.

"—Paya!" Kwa hasira. Na baada yake, wazi kabisa, kwa maana sikuwa nimezima: "Mbwa hii! Karibu Kenya, Karibu Kenya, mimi niko Uganda!"

Busia nzima ikapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliyebeba ndizi akapiga kelele, "Mimi hunikaribisha nikiwa chooni!" Mwingine akasema mumewe alishawahi kuuona kwenye simu yake ujumbe wa "Karibu Uganda" akamshuku kuwa ana bwana Uganda. Walicheka hadi wakainama. Pengine mtu wa Nairobi au wa Kampala asingeelewa kitu. Hawa hawakuhitaji maelezo. Ile tii wanaishi nayo.

Maloba alivua kofia. "Woi," akasema polepole. "Ni wewe ukweli." Akasogea karibu, akafunika maiki kwa kiganja. "Sikujua, bro. Naapa. Tukae chini, tuongee. Nikuweke jina, tugawane kitu."

"Sijaja kwa jina langu. Nimekuja kwa la mama. Imba Paya."

"Hapa? Saa hii?"

"Hapa walipomla kama tunda."

Akacheka, akamwashiria DJ. Nakubali, hakuwa mtu mbaya. Ngoma zikaanza, akaimba vizuri kuliko mwanzo, akafika mahali penyewe. Lakini biti ilikuwa imejengwa juu ya kosa langu. Kengele ikalia, biti ikangoja ile silabi yake ya ziada, naye Maloba akasema "Paya" mapema, akabaki anaelea. Umati ukalijaza pengo kwa furaha: "PAPAYA!"

Akarudia. Wakarudia. Mara hii hata Maloba ulimi ulimponyoka.

Nilitazama zile nyuso. Hawakuwa wananidharau. Walikuwa wameshakubali kwamba shairi ni langu, na bado walilitaka papai lao.

Quinter akaona mambo yanataka kuvurugika, akaja na tabasamu la kazi. "Kaka Ochwo, umeshinda, si ndiyo? Sasa maliza vizuri. Tupa hiyo simu kwa karai, duka likupe mpya, tupige picha, watu wafurahi."

Nikalitazama karai. Nikamwomba maiki, akanipa, akidhani nakubali.

"DJ, usinipigie kitu," nikasema. Nikanyosha kidole cha kwanza.

Simu yangu siitupi, hata mkinipa mpya,
Mimi si mtu mfupi, wa kuvikwa jina baya,
Mwauliza mama yupi, hakuzaliwa papaya,
Mtoto wake ni yupi? Mimi wa mama wa Paya!

Bila ngoma, neno lilisimama lenyewe. Hapakuwa na kengele ya kulikata wala pengo la kujazwa. Yule wa helmeti alikuwa amehesabu vidole vyake. Akaviinua juu, vinane, akanionyesha. Nikaurudia mstari wa mwisho, na wale wa mbele wakausema pamoja nami. Si wote. Wa mbele. Lakini walisema Paya, na Quinter naye akausema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja chumvi.

Maloba akachukua maiki. "Maneno ya hii ngoma ni ya Ochwo, wa Paya, Tororo. Nimesema mbele yenu." Akanipa mkono, nikaupokea. Halafu akawasha biti yake, kwa sababu ilikuwa kazi yake na watu walikuwa wanangoja, na nilipokuwa nashuka jukwaani walikuwa tayari wanakata viuno na papaya yao.

"Tumeshinda ama tumeshindwa?" Sam aliniuliza tukivuka kurudi.

"Endesha."

Mama nilimkuta uani Paya, amekaa kwenye mkeka na ungo wa karanga mapajani. Hakuinua macho. Aliendelea kumenya, maganda huku, karanga huku.

"Umelileta?"

"Nimeleta nusu."

"Nusu ya jina ndiyo nini? Niitwe Pa?"

Nikaketi chini, nikamweleza yote: vidole, kengele, karai, Maloba kuvua kofia. Alicheka palipochekesha. Nilipofika pale umati ulipoimba papaya hata baada ya kujua ukweli, aliacha kumenya.

"Wanajua, na bado wanaimba."

"Wimbo ukishatoka haurudi, mama. Hata nikiwashika mmoja mmoja."

"Nisikilizishe ule wako."

Nikaitoa Mdomo Mbili, nikaiweka ndani ya sufuria aliyokuwa ameiosha, kama zamani, nikabonyeza. Mvua ikanyesha kwenye sufuria, uani, katika jua la mchana. Mama aliinamisha sikio. Kengele ilipolia akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo waliponiiba. Mpakani." Akasikiliza mpaka tusi la mwisho. "Na matusi ulikuwa nayo tangu wakati huo. Ulisemaje leo, ule mpya? Sema."

Nikasema. Hakijui vizuri Kiswahili, lakini aliniangalia mdomo, na vidole vyake vilikuwa vinadondosha karanga moja moja kwenye ungo. Baadaye nikagundua alikuwa anahesabu.

"Huo hauna kengele," akasema.

"Hauna. Sikuuweka kwenye simu."

"Basi hawawezi kuukosea masikioni, wakiusikia kwako."

Nje ya ua mtu alipita na pikipiki, redio imefunguliwa yote. Tii. Mama wa papaya. Ikapotea kuelekea sokoni. Mama alisukuma ungo pembeni, akajifuta mikono kwa kanga.

"Kesho Harriet ataniuliza tena kama nimeiva. Nimwambie nini?"

Nikasimama. Vitu vingine havisemwi mtu akiwa amekaa. Nikaichukua ile simu kutoka kwenye sufuria, bado ina joto, taa zake nyekundu zinapepesa bila wimbo, nikaishika mbele yake kama mtu anavyoshika kitabu cha kuapia.

"Mwambie, mama, kwamba kuanzia soko lijalo nitasimama Molo, nitasimama Masafu, nitasimama Busia zote mbili, na nitalisema jina la Paya kwa mdomo wangu, nane kwa nane, bila ngoma. Watanicheka, na nitasema. Watachoka, na nitasema. Nakuahidi mimi, mwanao Ochwo: utakuwa bado uko hai, tena una nguvu za kumcheka Harriet, siku ambayo mtu wa ng'ambo akimuuliza muuza papai bei ya matunda yake, atamuuliza hivi, 'Mama, Paya zako ni ngapi?'"